Programu ya bure isiyoingia kwenye mashine ni ya nani?

Leo nasema juu ya jambo ambalo wengi wanaliona ni la mafundi peke yao. Ni programu huria, zile ambazo kila mtu ana haki ya kuzitumia bila kulipa, kuzifungua na kuzibadilisha. Haki tunayo kwenye karatasi. Kuziweka kwenye mashine ndipo tunapofungiwa mlango.

Chukueni Kolibri. Ni programu ya masomo ambayo shirika la Learning Equality limeitengeneza kwa mahali pasipo na intaneti. Inakaa kwenye ordinateri moja, wanafunzi wanaunganisha simu zao kwa waifai ya pale pale, wanasoma hesabu bila kununua hata mega moja. Ina Kifaransa, ina Kiswahili. Na wenyewe wameifungia paketi ya Debian: faili moja, unalileta kwa flashi, unaandika amri moja, basi. Ukikubali, inawaka yenyewe kila mashine inapowashwa. Masomo nayo unayakopi kutoka diski hadi diski. Mwalimu aliyekimbia Masisi, mwenye watoto wengi chini ya turubai, anaweza kazi hiyo bila kumsubiri mtu wa kutoka mbali. Kiwix ni vilevile: Wikipedia nzima ndani ya faili moja, na programu ya kuigawa kwa majirani iko tayari katika hazina ya Debian.

Kama hao wameweza, wengine wana sababu gani?

Programu nyingi za wavuti zinatuletea mwongozo mrefu: weka hifadhidata ya toleo hili, weka PHP ya toleo lile, badilisha faili hili, toa ruhusa kwa folda ile. WordPress imejisifu miaka mingi kwamba inawekwa kwa dakika tano. Dakika hizo zinaanza kuhesabiwa wakati seva, PHP na hifadhidata vimeshakuwepo. Ni kama kusema fufu linaiva kwa dakika tano, muhogo ukiwa umeshalimwa, umelowekwa, umekaushwa na umesagwa.

Wanatujibu: tumieni Docker, kila kitu kimo ndani ya kontena. Kwa mtu wa Paris, sawa. Hapa kontena hizo zinavuta mamia ya megabaiti, mara nyingine gigabaiti nzima, na toleo jipya likitoka unavuta tena. Nani atalipa hizo mega? Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilishalitatua hilo zamani: kipande kimoja kinatumiwa na programu nyingi, unakipakua mara moja, na unaweza kukileta kwa DVD.

Mafundi watasema Debian inachelewa, kwa kuwa toleo thabiti linatoka karibu kila miaka miwili na programu za wavuti zinabadilika kila mwezi. Ni kweli. Kufunga paketi ni kazi ngumu, wengi wanaifanya kwa kujitolea, siwadharau hata kidogo. Lakini kama programu inaburuta vipande mamia vya JavaScript hata wenyewe wanashindwa kuvipanga, mbona wanatuomba tuweke humo majina ya wahami, umri wa watoto na mahali wanapolala? Paketi ikiwa na tundu, amri moja inaliziba. Kilichosimikwa kwa mkono kinabaki na matundu yake mpaka siku mwizi atakapopita, na orodha ya familia zilizokimbia vita mikononi mwa mwizi si mchezo.

Wanaoniudhi zaidi ni wafadhili. Pesa ya sherehe ya uzinduzi ipo, ya fulana ipo, ya semina hotelini ipo. Ya kumlipa mtu wiki chache afunge paketi, haipo. Fundi anatoka nje, anasimika kwa mkono, anarudi kwao na nywila kichwani. Mkataba ukiisha, seva inabaki sanduku la kuwekea vikombe.

Na sisi tunahama! Kambi za Bulengo na Lushagala zilipoondolewa Februari 2025, watu walibeba kile kinachobebeka. Programu inayokaa kwenye flashi inaweza kufuata watu mpaka Sake, mpaka Minova. Ile ya hatua arobaini inabaki pale ilipofungwa.

Viongozi wa shule, komite za wahami, mashirika ya hapa: shirika likiwaletea jukwaa jipya, msitie sahihi siku hiyo. Wapeni ordinateri ya zamani, chomoeni kebo ya intaneti, waambieni wasimike mbele yenu, kisha mwalimu wenu arudie peke yake. Wakishindwa, wakunje karatasi zao.