MOYO WA MFANYA KAZI NA HESABU ZA KOMPYUTA

Wako wadhanio kuwa moyo kushindwa kazi ni ugonjwa wa wazee na matajiri. Sivyo. Katika uchunguzi wa wagonjwa 427 uliofanywa Muhimbili mwaka 2012 na 2013, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa wagonjwa 45 katika kila 100, na wastani wa umri wa wagonjwa wote ulikuwa kama miaka 55. Hao ni watu wa jembe na wa karakana, ambao taifa bado lawategemea.

Moyo hupiga kwa umeme uletwao na sodiamu, potasiamu na kalsiamu ziingiapo na kutoka katika seli zake. Moyo uliochoka hutanuka na kufanya makovu. Umeme hukawia njiani, hulizunguka kovu na kurudi ulikotoka. Ngoma ya Wagogo hupendeza kwa kuwa wapigaji wote hufuata mdundo mmoja. Kila mmoja akishika wake, ngoma imekwisha. Hali kadhalika moyo, na hapo mtu huweza kufa ghafla.

Mwaka 1960, huko London, mtaalamu Denis Noble alitumia kompyuta kukokotoa umeme wa seli ya moyo. Leo wataalamu hujenga katika kompyuta moyo mzima wa mgonjwa, pamoja na makovu yake, wakautia misukosuko ili waone hatari iliko kabla hawajamgusa mwenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza hesabu za namna hiyo kwa wagonjwa 41, nazo zilitambua walio hatarini vizuri kuliko vipimo vya kawaida.

Lakini mioyo ile iliumizwa kwa kuziba mishipa. Mingi ya kwetu huelemewa na shinikizo la damu, na makovu yake si yale. Kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine haitatukaa sawasawa.

Dodoma ina Chuo Kikuu kinachofundisha elimu ya kompyuta, na katika eneo lake imo Hospitali ya Benjamin Mkapa inayotibu moyo. Sisi twaona hapana udhuru wa daktari na mwana-hesabu kukaa mbalimbali. Na wakae meza moja, na kumbukumbu za wagonjwa zitunzwe kwa idhini yao na kwa siri.

Atatokea wa kuuliza: Kompyuta za nini, na zahanati ya kijijini Mpwapwa au Kongwa yahitaji mashine ya kupimia shinikizo? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni kwamba mashine hiyo itangulie. Shinikizo likijulikana mapema na kutibiwa, mioyo mingi haitafika kwenye makovu. Tena, hesabu haiwezi kuzidi ubora wa vipimo inavyopewa: kipimo kilichoandikwa vyema kijijini ndicho mbegu ya elimu ya chuoni.

Basi kila mfanya kazi na akapime shinikizo lake, na wenye elimu watumie elimu hiyo kwa mioyo ya watu wao.