Bei ya Kahawa na Mlango wa Wakili



Kahawa ikianguka bei, mashauri hayapungui. Mwenye kudai hudai kwa ukali, mipaka ya mashamba husogezwa, na ndugu wa marehemu humkumbuka mjane siku ya kugawana mibuni. Kinachopungua ni uwezo wa kumlipa wakili. Wazee wa huku Mbuji hawajasahau bei ilivyoporomoka baada ya mwaka 1989, ulipovunjika utaratibu wa kimataifa wa kugawiana mauzo ya kahawa, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000.

La ajabu ni kwamba nyakati hizo hizo vijana waliosomea sheria hukaa bila kazi, nasi tukawatuhumu uvivu. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipoyumba, ofisi kubwa za mawakili za London na New York zilipunguza watu, na wahitimu waliokwisha kuahidiwa nafasi wakaambiwa wangoje. Wakili mkongwe ana wateja. Mchanga ana cheti. Kwetu ofisi ni ndogo, na mkuu wake, fedha zikiadimika, huandika mwenyewe hata barua aliyokuwa akimwachia kijana.

Kijana mmoja niliyemsomesha madrasa alipita chuo kikuu, kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Cheti cha uwakili anacho, naye anauza sukari dukani kwa baba yake. Si mbali na duka hilo, mjane alishindwa shauri la shamba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Jamaa zake wakamshauri asubiri msimu apate fedha. Hukumu ilitoka Januari! Kahawa gani huiva kwa siku 45?

Nilimpelekea kijana makaratasi siku ya 38. Ujira wake ulikuwa debe la mahindi, na nauli ya Songea tuliichanga baada ya sala ya Ijumaa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua njia ya msaada usiolipiwa, nayo ni neema, lakini haimlishi kijana huyu. Rai yangu ni kwamba mawakili wakongwe wa Songea na Mbinga wampokee kila mmoja mwanagenzi, japo kwa posho ya chakula. Nasi jamaa wa misikiti, tunaochangia sanda bila kuulizana, tutenge fungu wakati wa mavuno kwa ajili ya ada za mahakama na ujira wa mwandishi wa rufaa, lishikwe na watu watatu, na hesabu yake isomwe hadharani.