Fazaa Si Pepo Wala Si Uoga

Jirani yangu mmoja, fundi seremala, mtu wa miraba minne, ana miaka miwili hajavuka Likoni. Kwao ni ng'ambo, mama yake mzee yuko huko, na kivuko chenyewe ni mwendo wa dakika chache tu. Siku moja, feri ikiwa katikati ya maji, moyo ulimwenda mbio ghafla, pumzi zikamkata, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, akawa na yakini kuwa pale pale yuafa. Akatamka shahada. Feri ilipofika gatini yeye yu mzima. Hospitali wakampima moyo, wakampima damu, kisha wakamwambia, "Huna kitu."

Hilo "huna kitu" ndilo lililonishikisha kalamu leo. Mtu aliyeyaona mauti kwa macho yake haambiwi hana kitu. Alicho nacho kina jina. Madaktari wa akili wa Marekani waliutenga ugonjwa huu na kuupa jina lake mbali mwaka 1980, lakini zaidi ya miaka elfu moja nyuma Abu Zaid al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akayataja maradhi ya nafsi kwa mafungu manne: ghadhabu, huzuni, khofu na fazaa, na wasiwasi. Msomaji ataona mwenyewe kuwa maneno hayo tunayo vinywani mwetu kila siku. Tumerithi maneno, tukaisahau elimu.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika fazaa mbiu hulia na jambo hakuna. Mwili humwaga adrenalini kana kwamba simba yuko mlangoni. Moyo hupiga upesi ili misuli ipate damu ya kukimbilia. Mtu huhema kupita kiasi, hewa chafu ya kaboni ikapungua mno katika damu, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo huingia. Naye, kwa kutojua, husema, "Ndiyo roho yatoka," na khofu ikazidi kuuchochea moyo. Mara nyingi hali hiyo hufika kileleni katika dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Lakini ubaya wake mkubwa hauko katika dakika hizo, uko katika siku zifuatazo, mtu anapoanza kuiogopa khofu yenyewe. Huanza kuacha feri, kisha matatu, kisha soko la Kongowea, mwisho hata msikiti uliojaa. Wapo wanaume wasimamao safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, nasi tukawadhania wavivu wa ibada. Barazani husemwa, "Mwanamume mzima aogopa maji!" Wanawake, ambao fazaa huwapata karibu mara mbili kuliko wanaume, huambiwa wana pepo, na nyumba ikauzwa vyombo kwa ajili ya ngoma na kafara.

Sikatai kisomo. Nimelelewa chuoni, na kombe la zafarani nimelinywa. Ninayegombana naye ni yule amwambiaye mgonjwa aache hospitali, au amwambiaye kuwa imani yake ni dhaifu. Kwani mwenye pumu imani yake ina kasoro gani?

La kwanza ni kupimwa, kwa sababu maradhi ya moyo na ya tezi la shingo huweza kufanana na haya. Yakikosekana, dawa ipo. Kuna vidonge anavyoandika daktari, vinywewavyo kwa miezi (si vile vya usingizi vinunuliwavyo kichochoroni), na kuna mafunzo ya mshauri ajuaye kazi yake, ambaye humrudisha mtu hatua kwa hatua pale alipopakimbia, akakaa mpaka khofu ichoke yenyewe. Al-Balkhi naye alishauri mtu aweke akiba ya fikra njema wakati wa utulivu, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Miraa na kahawa chungu zipunguzwe, ingawa kahawa naipenda mno na najua nitalaumiwa.

Nawaomba madaktari wetu: mkimkuta mtu moyo wake mzima, mwambieni lililompata, kisha mwonyesheni pa kwenda. Ni maneno ya dakika tano. Fundi wetu aliyakosa kwa miaka miwili, hata mwaka huu alipompata muuguzi mmoja aliyemweleza.

Jumamosi iliyopita alishuka na mwanawe mpaka kivukoni. Hakupanda. Alisimama jasho likimtoka, feri ikajaa, ikaondoka, ikaja nyingine nayo ikaondoka, naye yuko pale pale. Kisha akarudi nyumbani, akaniambia kuwa Jumamosi hii ataingia ndani, akae karibu na ukingo.