Kiambishi «a-» Hakina Sketi Wala Suruali

Majuzi, hapa Makongolosi, nilisikia redioni tangazo la sabuni ya kufulia likiwaita akina mama. Likafuata la bia, likiwaita «wanaume wa kweli». Mjukuu wangu wa kidato cha tatu, mvulana afuaye sare zake mwenyewe, akauliza: «Kwani babu, sabuni hiyo nguo zangu haizitakatishi?»

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa miaka mingi niliwaandikia wanafunzi ubaoni, kama nilivyoandikiwa nami chuo cha ualimu: «Mama anapika na baba anasoma gazeti.» Nilidhani nafundisha sentensi ambatano, kumbe nilikuwa nikigawa zamu za jikoni.

Hoja yangu ni hii: mtangazaji anayegawa bidhaa kwa ke na me anakwenda kinyume na lugha anayoitumia. Sema: «Mwalimu amechoka, anapika chai.» Je, ni mwanamume au mwanamke? Sarufi haisemi. «Yeye», «a-», «-m-» na «-ake» humtaja mtu, basi. Washairi tunalijua hili vyema: mpenzi wa shairi huwa ua, njiwa au lulu, na beti zilezile huimbwa na mume au mke pasipo kuvunja mizani.

Atanijibu mtu kwamba tunao mama, baba, shangazi na mjomba. Naam, tunao, lakini kuwa na neno si kulazimishwa kulitumia. Wala sidai kuwa lugha imetufanya waadilifu: tumeoneana kwa Kiswahili fasaha. Nasema tu kwamba tusiisingizie sarufi dhambi zetu.

Wasomi hutenga jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani nafasi ambazo jamii humpa mtu kwa ajili ya maumbile hayo. Jinsia ndiyo vijana wanayoihoji. Tangu Machi 2021 wanakua chini ya rais mwanamke, na neno «rais» halikuhitaji kuongezewa silabi hata moja. Kijana wa namna hii hapendi dukani aambiwe yeye ni nani kabla hajanunua.

Kampuni zikitaka somo, zirejee mwaka 1928, Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili kwa kampuni ya His Master's Voice. Jina la kampuni lilibeba kimilikishi cha kiume cha Kiingereza. Sauti iliyouzika ilikuwa ya mwanamke, na walioinunua walikuwa wapenzi wa muziki, wake kwa waume.

Nanyi malenga mnaokodiwa kutunga matangazo, nawasihi: semeni na «wewe». Nafsi ya pili haina jinsi, na kila mwenye shati chafu atageuka kusikiliza.