Tuchange Kabla ya Maradhi
Mbwa wa ulinzi anapohitaji kupasuliwa kwa dharura, mwenyewe huzunguka mitaani akiomba mchango, na wapo wanaomcheka. Tusimcheke. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zatufunza kuwa mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa na Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, huruma bila ya mpango haitoshi, kwani maradhi hayangoji fedha zitimie. Mwaka 1917, Bibi Maria Dickin alifungua mjini London zahanati ya kuwatibu bure wanyama wa maskini, kwa nguvu ya michango. Nasi wananchi wa visiwani tuchange mapema, na Serikali isimamie mfuko wenye hesabu zilizo wazi. Wahenga walisema: akiba haiozi.