Neno "kama" linaamua chapaa zako, lielewe

Pita soko la Kenyenya usikilize vile bei ya ndizi inapangwa. Mkungu ukiwa mkubwa, bei ni hii. Ukiwa wa wastani, ni ile. La sivyo, chukua kidogo ama urudi nao nyumbani. Manze, hiyo tayari ni programu. Imebaki tu kuiandika.

Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka wa 1991, ina maneno matatu ya kazi hiyo: if ni "kama", elif ni "au kama", else ni "la sivyo". Tuandike, bei na kilo zikiwa za mfano tu:

uzito = 25
if uzito >= 20:
    bei = 500
elif uzito >= 10:
    bei = 300
else:
    bei = 150
print(bei)

Jibu ni 500. Kompyuta husoma kutoka juu kwenda chini. Ikikuta sharti la kwanza lililo kweli, inafuata hilo na kuruka mengine yote. Sasa badilisha, uweke sharti la kilo 10 juu ya lile la kilo 20. Mkungu wako wa kilo 25 umeshapita 10, basi unalipwa 300. Kompyuta haitalalamika wala kuonyesha kosa lolote. Mama amepoteza mia mbili, na ukiuliza nani kamwibia, hakuna. Ni mistari imepangwa vibaya.

Hamia kwa simu yako sasa. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilikuja na mkopo wa mtu binafsi wa kati ya shilingi 500 na 50,000. Ukibonyeza *254# hakuna karani wa kukuangalia usoni akuhurumie. Unakutana na masharti. Programu za mikopo ni hivyo hivyo: kuna mtu alikaa mahali akaandika "kama" yake, na wewe unaletewa jibu tu.

Hapo ndipo wasee wengi hunyamaza. Usinyamaze. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinahusu maamuzi ya mashine peke yake, yale yanayokuathiri pakubwa. Anayeyatumia anafaa kukujulisha kwa maandishi, nawe una ruhusa kuomba uamuzi uangaliwe upya. Lakini utaulizaje swali la maana kama hujui masharti hufanya kazi vipi?

Usiseme ati hii ni ya watu wa chuo. Mimi chuo niliachana nacho, na Python haijawahi kuniuliza cheti. Ni ya bure, na hata simu inaiendesha. Leo usiku andika ile mistari ya ndizi, ipange vibaya makusudi, uone vile mia mbili inapotea kimya kimya. Kesho ukinyimwa mkopo, utajua pa kuanzia kuuliza.