Mpira Usigeuzwe Yai

Karibu na soko la Lushoto kuna chumba ambamo vijana hulipa ili wacheze michezo ya televisheni ya zamani. Humo nimeuona mpira wa kandanda umekuwa yai, na wachezaji wamekuwa wanene kama mapipa. Wala hakuna aliyeshangaa. Mchezo ulikuwa Winning Eleven wa PlayStation ya kwanza, mashine iliyotoka Japani mwaka 1994. Televisheni ilikuwa mpya na pana, na picha imevutwa hata ikajaza kioo chote. Mtoto mmoja aliyekuwapo hajapata kuuona mchezo huo kwa umbo lake. Kwake yeye yai ndilo asili.

Nasema kuvuta huku ni uharibifu, ingawa wengi husema ni matengenezo. Vioo vya zamani, ambavyo kwavyo Bara iliipokea ITV mwaka 1994, vilikuwa na upana wa 4 kwa kimo cha 3. Vya leo ni 16 kwa 9. Picha ya kale ikijazwa katika kioo kipya, kila kitu huongezwa upana kwa theluthi moja pasipo kuongezwa kimo. Pasi iliyopigwa kwa pembe ya digrii 45 huonekana kama ya digrii 37. Basi jicho la mchezaji hudanganywa katika jambo lile lile alitegemealo. Lau mchoraji angeivuta Irente kwa kipimo hicho, genge lile litazamalo Mazinde lingekuwa mteremko wa kuchungia mbuzi, na hapana Msambaa ambaye angekubali.

Wako wasemao kwamba mipaka myeusi kulia na kushoto ni hasara: wamenunua kioo kizima, nao wapewa robo tatu. Hesabu yao ni sahihi; kila upande hupotea thumuni. Lakini utenzi wa mizani 8 huacha karatasi nyeupe pembeni, na hapana mhariri aongezaye mizani ili mstari uujaze ukurasa.

Wengine, wajuzi zaidi, hubadili programu yenyewe ili ioneshe uwanja mpana. Hawa nawastahi, maana kwao duara hubaki duara. Walakini nje ya ukingo wa kale mtungaji hakuandaa kitu. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, adui huumbwa anapokaribia ukingo wa kulia; kioo kipana kingemfichua akizuka hewani. Na wale washikiliao kwamba kila nukta iwe mraba nao wamepotea: picha ya Famicom ni nukta 256 kwa 240, na televisheni ndiyo iliyozitandaza. Kipimo ni kioo cha wakati ule.

Nilimwomba mwenye chumba achague 4 kwa 3 katika rimoti.

“Mwalimu,” akanijibu, “wateja watasema televisheni imekufa pembeni.”

Hata hivyo alijaribu kwa mchezo mmoja, na mpira ukaviringana. Kesho yake nilipopita, yai lilikuwa limerudi.